Ukuta wa Nyumba ya Kati

Chokaa ikirowa ina harufu yake, na aliyeizoea utotoni haimtoki. Si harufu nzuri, wala sithubutu kuiita mbaya. Inafanana na mvua ya kwanza juu ya mawe, na ukiivuta sana inakukwaruza koo. Siku tulipomwosha mama yangu maji yalirukia ukutani, harufu ile ikainuka, na mimi nikasahau kata niliyoshika mkononi. Wanawake wenzangu walidhani nimezidiwa na kilio, wakanipokonya kata kwa upole. Kumbe nilikuwa nimerudi kuwa kitoto cha miaka saba chenye chokaa kwenye kucha.

Nyinyi wa rika langu mtakumbuka kwamba nyumba za mawe za Amu ni za wanawake. Mwanamume huoa akaingia na sanduku lake, na yakimshinda hutoka na sanduku lake. Yetu, huko Mkomani, ilikuwa ya Nana, mama yake mama yangu. Sanduku la baba lilikuwa la bati, la Keya, jeshi la mkoloni, rangi ya majani makavu, na lilikaa chini ya kitanda kama mgeni asiyejua kama atalala au ataondoka.

Baba alikuwa amekwenda vitani Bama, mbali ng'ambo ya bahari, kabla sijazaliwa. Mimi nilimkuta amesharudi, kwa hiyo sikuona ajabu yoyote kwake. Niliamini baba wote huketi wameegemeza mgongo ukutani na kuutazama mlango. Niliamini baba wote humwaga kahawa kabla kikombe hakijafika mdomoni, na mvua za mwaka zikianza kupiga hujikunja pembeni wakaziba masikio. Usiku alipiga kelele kwa lugha nisiyoijua, na asubuhi majirani walitusalimu kwa sauti ya huruma iliyomkera Nana kuliko zile kelele.

Nana alimtafutia dawa zote za nti hii. Alimchomea udi na ubani, akamleta mwalimu kumsomea, akampa kombe asubuhi na jioni, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji ya waridi ayanywe, mpaka nikadhani tumboni mwa baba mmejaa aya tupu. Baba alikunywa yote bila kubisha. Alikuwa mtu mtiifu sana, na nadhani hilo ndilo lililompeleka Bama.

Sasa nieleze kosa langu la kitoto, kwa sababu bila hilo hamtaelewa mengine. Mama alikuwa mpaka hina wa maarusi. Kazini kwake, akichora mguu wa arusi, alipenda kumweleza mambo ya ndoa, nami nikiketi karibu nikishika bakuli la hina. Akizungumza juu ya mumewe alisema, "Athmani wangu wa kwanza alikuwa akiimba hata akiteka mayi kisimani. Alikuwa akinitekesha, nikicheka hata nikamwaga wali. Huyo alibaki Bama. Nimerudishiwa mwingine." Maarusi waliinamisha macho. Mimi nilisikia kama lilivyosemwa. Mama alikuwa na mume wa kwanza, mwimbaji, amezuiliwa huko Bama, na huyu wetu wa pili ameletwa kushika nafasi yake mpaka mwenyewe arudi.

Sikuona huzuni ndani yake. Niliona hatari. Nilimpenda huyu wa pili, na nilijua kwamba yule wa kwanza akifika, huyu atabeba sanduku lake la bati.

Hatari nyingine ilikuwa na jina. Mjomba Shee, kaka mkubwa wa mama, alikuwa mwenye duka, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Siku moja alikuja akaketi barazani, akakataa kahawa, akamwambia mama mbele yangu kama kwamba mimi ni mto wa kuegemea.

"Rukia, watu wanena. Mumeo apiga ukelele, watoto wa watu hawalali. Nimesubiri nimetoka, subira imenishia. Ukingia Mfungo Sita naye hajatulia, aandike talaka, arudi kwao."

"Ni mgonjwa, kaka."

"Mgonjwa huuguzwa kwao," Mjomba akasema, akatafuta viatu vyake.

Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, haukuwa mbali. Mama hakulia. Alizunguka nyumba nzima akishika vitu na kuviacha, na mwisho akasimama kwenye mlango wa nyumba ya kati.

Ndicho chumba cha ndani kabisa, hakina dirisha, na hata mchana huwezi kuingia bila kandili. Kina tundu sakafuni la kutoa maji. Sisi watoto tuliambiwa tusiteze humo, na hatukuambiwa kwa nini. Mimi nilijua tu kwamba nilizaliwa humo. Sikujua kwamba humo ndimo wanamooshwa maiti wa nyumba. Chumvi ilikuwa imekula lipu ya ukuta mmoja, ikawa inaanguka vipande vipande, na Mama akamwambia Baba, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu kidogo, "Athmani, ulikuwa ukimsaidia fundi zamani. Hebu nitengezee ukuta huu. Huku ndani hakuna akuonaye ukiharibu."

Baba alileta chokaa iliyochomwa upande wa Manda, akairoweka kwenye pipa uani, ikachemka yenyewe bila moto, jambo ambalo mimi niliona ni uchawi mtupu. Akaichanganya na mchanga, akaanza kupiga lipu polepole, mikono ikitetemeka, nusu ya chokaa ikienda ukutani na nusu miguuni mwake. Mimi nilishika kandili. Na alipomaliza kipande cha kwanza, kikawa laini, cheupe, kibichi, mimi sikuweza kujizuia. Nikachomeka kidole.

Mama, aliyekuwa mlangoni, alivuta pumzi kwa nguvu. Nyumbani kwetu jambo la ghafla lilikuwa halifanywi. Hata sufuria zilifunikwa taratibu. Baba alilitazama lile tundu. Alilitazama sana. Kisha naye akachomeka kidole chake kando ya changu, akakizungusha, akanigeukia na kuniuliza, "Sasa hawa wawili tuwape nyumba?" Akacheka. Mama alishika mwimo wa mlango. Hakuwa amesikia kicheko kile tangu meli ilipomrudisha, aliniambia baadaye, na alikuwa amesahau kwamba kilikuwa kikianzia puani.

Basi ndivyo ulivyoanza mchezo wetu. Kila baada ya alasiri Baba alipiga lipu mbichi kipande kidogo, nasi tukaingia na chochote tulichokiona kinaweza kuacha alama. Tulikandamiza simbi na makombe, kitana cha Mama, funguo, kifuu cha nazi. Tuligundua kwamba ulimi wa mbuzi, ile ya kukunia nazi, ukiuzungusha katika chokaa unatoa jua lenye miale, na Nana akawa kila akitaka kupika anapita akiuliza, "Mbuzi yangu i wapi? Yeo tena imekwenda malishoni?" Sisi tukajibanza gizani, chokaa hadi nyusi.

Nana hakukataza mchezo, ila alituwekea sharti. "Msitie chenye roho. Siku ya kiyama mtaambiwa mkipe roho, na nyinyi hamna hata ya kujitosha." Nami nilikuwa nataka samaki. Nililia nataka samaki. Baba alifikiri, akachora mkia peke yake, ukitokea ukutani.

"Na mwili?"

"Amengia ndani. Alisikia sauti ya Nana."

Kwa siku nyingi baada ya hapo niliutegea sikio ukuta ule nikimsikiliza samaki wangu.

Baada ya kazi Baba alinipaka mafuta ya nazi kwenye vidole, kimoja kimoja, maana chokaa hula ngozi. Mikono yake wakati huo ilikuwa imetulia kabisa. Mama naye hakustahimili kutazama tu. Siku moja aliingia na kijiti chake cha hina, akachuchumaa, akaanza kuchora katika chokaa mbichi maua yale yale anayowachora maarusi, mzabibu unaopanda na kujikunja. Baba akamfuata nyuma akitia jua baada ya kila jani. Walikuwa wakigombana kwa kutania nani ameharibu mzabibu. Nililala siku zile na wazazi wawili, na naapa sijawahi kuwa na mali kubwa kuliko hiyo.

Kelele za usiku zilipungua. Zikawa mara mojamoja, kisha zikawa kama kikohozi. Mjomba Shee alipita barazani, akasikiliza, akaenda zake.

Nyota zilikuja baadaye. Baba alifungua sanduku la bati akatoa nishani zake, na mojawapo ilikuwa nyota ya shaba yenye pembe sita. Aliikandamiza katika chokaa, akaitoa, ikaacha nyota kamili. Mimi nilipiga makofi. Nilidhani serikali humpa kila askari kitu hicho kwa ajili ya kupambia ukuta, na mpaka leo sijui kazi nyingine iliyofanywa na nyota ile yenye maana zaidi. Kila siku Baba alitia nyota, moja au mbili, juu ya mzabibu wa Mama, na kila akitia alitaja jina kwa sauti ndogo. Nilidhani nyota zina majina. Mwalimu chuoni, tulikosoma Kurani, alitufundisha kwamba nyota zina majina.

Lakini chumba kilikuwa kidogo. Kuta zikaanza kujaa. Hapo nikashikwa na hofu, kwani nilikuwa nimeshaielewa kazi yote kwa akili yangu. Tunapamba chumba. Kwetu hupambwa chumba akija mtu. Nani mwingine atakuja, kama si yule mume wa kwanza? Ukuta ukimalizika atafika, akiimba, na huyu wangu ataondoka.

Nilishangaa nilipogundua kwamba Mama naye hataki ukuta umalizike. Alinivuta mkono asubuhi moja Baba akiwa msikitini, akanipa kisu kibutu. "Kwangua hapa chini, mwanangu. Utamwambia baba ni chumvi imekula." Nilikwangua kwa moyo wote. Alasiri Baba alitazama kile kidonda ukutani, akatazama chokaa kwenye kucha zangu, akasema, "Chumvi ya nyumba hii ina makucha," akapiga lipu upya. Hivyo tukawa watu watatu tunaojenga na kubomoa, kila mmoja ana hofu yake, na Mfungo Sita unakuja.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wetu alikuja mwenyeji akiwa ameshaanza kupona, na sijui msemo una neno gani kuhusu hilo. Alikuwa Bwana Kombo wa Siyu, askari mwenzake Baba, mtu mrefu mwenye mkono mmoja uliobaki na vidole vitatu. Alikuja Amu kwa shughuli zake akapita kutusalimu. Baba alimfurahia, akamshika mkono moja kwa moja hadi nyumba ya kati, mahali ambapo mgeni mwanamume hapelekwi. Mama alijitanda, akasimama pembeni. Nana aliketi kizingitini na tasbihi yake.

Bwana Kombo aliinua kandili. Alizitazama nyota moja moja, na midomo yake ikawa inataja majina yale yale, bila kuambiwa.

"Umewatia wote," akasema.

"Wote niwakumbukao."

"Tuliwafukia na nguo zao, kwenye matope," Bwana Kombo akamwambia Nana, kama anayetoa udhuru. "Hakukuwa na nafasi ya kuwaosha, Nana. Mvua tu."

"Ndipo nikawaleta huku," Baba akasema. "Humu ndimo wanamooshwa watu."

Nana aliacha kuhesabu tasbihi. Alisema kwa upole, sauti ambayo sikuizoea, "Shahidi haoshwi, Athmani. Damu yake yamtosha."

"Shahidi wa nani, Nana? Vita vile vilikuwa vya nani?"

Nana alirudia tasbihi yake. Mimi ndiye niliyekuwa na swali. Katika maneno yote yale nilishika moja tu, kwamba nyota hizi ni za watu waliobaki Bama. Na mtu mmoja aliyebaki Bama nilimjua vizuri. Nikaona ni jambo jema kumkumbusha Baba, maana alisema anawatia wale awakumbukao, na pengine akipewa nyota yake huko ukutani yule mtu ataridhika asije.

"Baba, na nyota ya baba wa kwanza ni ipi?"

Bwana Kombo alitabasamu. "Baba wa kwanza yupi, mwana?"

"Mume wa Mama. Aliyekuwa akiimba kisimani. Mama asema alibaki Bama, akarudishiwa huyu."

Sijilaumu. Nimekuwa na miaka mingi ya kujilaumu na nimeona haina faida. Mtoto husema alichosikia. Nakumbuka tu kwamba kandili ilikuwa ikitoa moshi na hakuna aliyepunguza utambi. Baba alimtazama Mama. Mama alifungua mdomo.

"Athmani, mtoto hayui anenalo."

"Ayua," Baba akasema. Hakukasirika, nami laiti angekasirika. Alikuwa kama mtu aliyeonyeshwa hesabu aliyokosea. "Ayua kushinda sote. Yule nilimsahau."

Palikuwa na kipande cha lipu mbichi upande wa kulia, chini ya nyota zote, tulichokiacha kwa ajili ya mchezo wa siku ile. Baba alipiga magoti. Aliikandamiza nishani katika chokaa kwa kiganja, kwa nguvu, ikazama. Tukangoja aitoe. Hakuitoa. Alilainisha chokaa kuizunguka kwa kidole gumba, taratibu, kama anavyompaka mtu mafuta, mpaka ikakaa. Kisha akaniambia, "Huyo hapo, mwanangu. Sasa wametimia."

Usiku ule hakupiga kelele hata moja. Mama alikesha akisikiliza kimya kile kwa furaha, akimshukuru Mungu. Aliniambia hivyo akiwa mtu mzima sana, na alipofika hapo kwenye kushukuru alicheka kicheko kibaya ambacho sitaki kukisikia tena.

Asubuhi Baba alikwenda mwenyewe dukani kwa Mjomba Shee. Mfungo Sita ulikuwa bado. Mjomba, kwa haki yake, alimwambia angoje, mambo si yametulia? Baba alisema yametulia kweli, na ndiyo sababu. Alitoa talaka moja mbele ya mashahidi, akarudi nyumbani kuchukua sanduku lake. Mama alisimama mlangoni akamzibia njia.

"Sikuitaka, Athmani. Wallahi sikuitaka talaka hii."

"Nayua, Rukia. Lakini wewe wamngoja mtu, nami nakaa mahali pake."

Mimi alinichukua barazani akanipakata. Alitoa kichupa cha mafuta ya nazi, akanipaka vidole, kimoja kimoja, kama kawaida. Siku hiyo hatukuwa tumeshika chokaa. Nilitaka kumwambia, nikaona haya kumharibia. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka tena, na mafuta yalinidondokea kwenye kanga.

Alivuka kwenda Mokowe, na kutoka hapo akashika ndia ya bara. Tulisikia ameonekana Witu akichoma makaa. Baadaye tukasikia hayupo Witu. Bwana Kombo alimtafuta mpaka alipochoka, na miaka ikapita bila mtu yeyote kuja kutuambia amezikwa wapi, na kama alioshwa, na nani.

Siku ya kwanza baada ya kuondoka kwake nilingoja sana. Niliketi kwenye ngazi ya mlango, nimevaa nguo ya Idi, mpaka adhuhuri. Mama akaja kuniuliza nangoja nini.

"Baba wa kwanza. Yuaja lini? Chumba tushakipamba."

Mama aliketi chini hapo hapo kwenye vumbi, mwanamke wa nyumba ya mawe, mbele ya wapita njia. "Hakuna wa kwanza, mwanangu," akasema. "Alikuwa ni huyo huyo. Alikuwa ni mmoja."

Sikumwamini. Ilinichukua miaka kumwamini, na nilipomwamini tayari nilikuwa nimemlilia wangu peke yangu, naye wake peke yake, katika nyumba moja. Hakuolewa tena. Aliacha pia kuchora hina. Nyumba ikipakwa chokaa kila mwaka kabla ya Ramadhani, aliwazuia mafundi kuingia nyumba ya kati, na chumvi ikala ilichotaka. Iliula mzabibu. Ilikula majua yote na mkia wa samaki wangu.

Alipokufa tulimwingiza humo. Nyota nyingi zilikuwa zimebaki mashimo yasiyo na umbo, lakini ile ya chini, upande wa kulia, ilikuwepo, shaba imegeuka kijani. Maji yaliirukia na chokaa ikatoa harufu yake. Mwanamke mmoja mzee miongoni mwa waoshaji aliinama kuitazama.

"Hii ni ya nani?"

"Ya baba yangu," nikamwambia.

"Yule aliyekwenda Bama?"

"La," nikasema. "Yule aliyerudi."